Ripoti moja, mafahali na madubu wote wanadai imewapa haki. Mimi nimekaa na mahindi ya Desemba yananichoma

Mchekechaji · 12 Agosti 2025, saa 4:40 usiku

Wakuu habari za usiku. Naombeni mnisaidie kabla sijafanya ujinga.

Mi nimetoka kwenye forex, mahindi nayafanya tangu Machi. Natumia zile kontrakti ndogo za soko la Chicago (mikataba ya kununua au kuuza mahindi ya mwezi wa mbele kwa bei ya leo) za busheli 500, zile zilizoanza Februari mwaka huu. Tarehe 18 Julai nikanunua 4 za mwezi wa Desemba kwa dola 4.26 kwa busheli. Sababu? Kuna jamaa namsoma kila wiki, fahali wa kufa mtu (yaani kila siku anaamini bei itapanda), akaeleza kwamba mbelewele zimebanwa na majani kwenye mashamba mengi kwa hiyo uchavushaji hautakamilika, joto la usiku limezidi, halafu mafandi (mifuko mikubwa ya uwekezaji) yameshoti, yaani yameuza yakitegemea bei ishuke, zaidi ya kontrakti laki moja, yaani siku yakianza kukimbilia mlango bei itaruka kama bisi kwenye sufuria. Nikaona hoja imeshiba.

Leo saa 5 asubuhi ya Chicago USDA (wizara ya kilimo ya Marekani) wakatoa ripoti. Ekari zilizopandwa mahindi milioni 97.3, wakati mwezi uliopita ilikuwa 95.2. Mavuno busheli 188.8 kwa ekari, mwezi uliopita 181. Jumla bilioni 16.7, haijawahi kutokea. Desemba imefunga 3.94 na nusu, ilishagusa 3.92. Sasa piga hesabu, senti 31 na nusu chini, kila senti kwangu ni dola 20, dola 630 zimelala na akaunti nzima ilikuwa na 2,400.

Kinachonitoa akili sio hasara peke yake. Nimemfungua yule fahali wangu, anasema hapa ndo chini ya mwaka, nunua. Nikamfungua mwingine ambaye ni dubu, yaani anaamini bei itashuka, anasema 3.60 inakuja, uza kila ikipanda kidogo. Wote wawili wamenukuu jedwali lilelile, namba zilezile, mpaka desimali! Mmoja kaona mvinyo mwingine kaona siki.

Nani anadanganya? Na mimi nikae, nikate, au nigeuke nishoti? Tafadhali msiniambie "inategemea", hiyo nimeishiba.

---

DubuMpole · 12 Agosti, saa 5:15 usiku

Pole sana mkuu, siku kama ya leo inauma hata kwa mtu aliyezoea.

Hakuna anayedanganya, ila fahali wako anauza hadithi ya Julai katikati ya Agosti. Kila Julai huwa kuna hadithi. Mwaka huu ni mbelewele zilizobanwa, mwaka mwingine ni usiku wa joto, mwaka mwingine upepo. Mahindi ya Marekani yanachavushwa Julai ndo maana soko linabeba hofu wakati huo, bei inakuwa na kitu kama bima ya ukame ndani yake, halafu mvua ikinyesha ile bima inatolewa. Ndicho ulichonunua tarehe 18, ulinunua bima mwishoni mwa msimu wa bima.

Sasa angalia uzito wenyewe. Watu wengi kabla ya ripoti walikuwa wanategemea mavuno ya 184 hivi, imekuja 188.8. Lakini mi kilichonishtua ni ekari. Mavuno yanaweza kushuka baadaye, ekari zikishapandwa zimepandwa, huwezi kuzing'oa kwa maneno. Milioni 2.1 zimeongezeka kwa mkupuo. Na namba hiyo ya Agosti inatokana na wakulima kujiandikisha kwenye ofisi za USDA, usajili wenyewe haujakamilika, kwa hiyo usishangae Septemba zikaongezeka tena.

Akiba ya mwisho wa msimu wa 2025/26 wameiweka bilioni 2.117. Ikitimia itakuwa kubwa kuliko mwaka wowote tangu 2018/19. Hapo bado hujagusa Brazil ambao mahindi yao ya msimu wa pili, yale ya safrinha, yamevunwa sasa hivi na ni rekodi pia. Na mkulima wa Marekani mwenye mahindi ya zamani ghalani lazima atoe nafasi kabla ya mavuno ya Septemba na Oktoba. Nani ananunua mbele ya mafuriko yote hayo?

Ushauri wangu kata. Ukitaka kununua utayapata kwa bei ya chini zaidi Oktoba.

---

Mbelewele · 12 Agosti, saa 5:52 usiku

Dubu umeandika vizuri ila umeruka mstari mmoja kwenye jedwali na ndo mstari wenyewe

USDA wameongeza uzalishaji kama bilioni moja sawa sawa si ndio, sasa niambie kwa nini akiba ya mwisho imepanda milioni 457 tu?? ilikuwa 1.660 imekuwa 2.117. Iliyobaki imeenda wapi imeliwa! wameongeza matumizi ya mifugo wameongeza ethanoli wameongeza mauzo ya nje, jumla ya matumizi wameiweka bilioni 16 ambayo nayo ni rekodi. Yaani soko limepewa rekodi mbili siku moja, watu wameona moja. Hayo mauzo ya nje sio ndoto za mtu, oda za msimu mpya zinaingia kwa kasi kila wiki kwa sababu mahindi ya Marekani yamekuwa rahisi, bei ikiwa chini mnunuzi anaamka hiyo haihitaji shule

halafu hiyo 188.8 mnaishika kama imeandikwa kwenye jiwe. Agosti USDA hawaingii shambani jamani, wanawauliza wakulima na wanaangalia picha za setilaiti, kwenda kuhesabu magunzi shambani kunaanza ripoti ya Septemba. Agosti 2024 walisema 183.1 mwisho wa siku ikawa 179.3. Agosti 2020 walisema 181.8, ikaisha chini ya 173. na mwaka huu ugonjwa wa kutu ya majani unatembea Iowa yote nyie subirini mtaniambia

Mchekechaji USIUZE kwenye shimo. Habari mbaya zote zimeshatoka leo, kuna nini kingine kibaya cha kutoka?

---

DubuMpole · 12 Agosti, saa 6:10 usiku

Mbelewele umechagua miaka yako vizuri. 2020 ilikuwa na ule upepo wa tarehe 10 Agosti uliolaza mashamba ya Iowa, na ripoti iliandaliwa kabla ya upepo. Mbona hukutaja 2021 walipoanza na 174.6 ikapanda? Au 2023, 175.1 mpaka 177.3? Hizo zote mbili zilipanda baada ya Agosti.

Na hilo swali la "kuna nini kingine kibaya" nimelisikia kila ngazi ya kushuka tangu 2022. Mahindi yalipita dola 8 Aprili ya mwaka ule. Watu walisema mwisho ni 6. Kisha mwisho ni 5.

---

Mbelewele · 12 Agosti, saa 6:14 usiku

na kila ngazi ya kupanda 2020 mpaka 2021 kulikuwa na dubu anasema mwisho ni 4, mwisho ni 5. tukafika 7. tuache

---

Kazi Iendelee Tu · 13 Agosti, saa 1:20 asubuhi

Swali la pembeni wakuu. Hivi mtu akisahau kufunga kontrakti wanakuletea mahindi nyumbani kweli? Maana nimeona video moja lori linamwaga mahindi mlangoni nikacheka ila nikaogopa.

---

Mama Spredi · 13 Agosti, saa 2:05 asubuhi

Hapana mwanangu, lori haliji. Hizi ndogo za busheli 500 zinamalizwa kwa pesa, hakuna punje inayohama. Kontrakti kubwa ndo ina mali kweli, busheli 5,000, karibu tani 127, lakini hata hapo unachopewa ni cheti cha mahindi yaliyo kwenye vituo vya kupakilia kando ya mto Illinois. Broka wako atakuwa ameshakupigia kelele na kukufunga zamani kabla hujafika huko.

Sasa nirudi kwa mwenye mada, maana hawa vijana wawili usiku kucha wamepigana ngumi kila mmoja akiwa chumba chake.

Mchekechaji, swali lako la nani anadanganya linajibika kirahisi ukimuuliza kila mmoja jambo moja: unazungumzia lini? DubuMpole anazungumzia mahindi yatakayomwagika Septemba na Oktoba, magala yamejaa, reli zimejaa, mkulima anataka hela. Mbelewele anazungumzia meli za mwezi wa pili na wa tatu na mavuno halisi yatakayojulikana Januari. Kwenye jedwali moja la USDA kuna mistari ya juu na ya chini. Juu ni mali iliyopo, chini ni wanaokula. Dubu kasimama juu ya ukurasa, fahali chini ya ukurasa, wanatukanana kuhusu karatasi moja.

Na soko lenyewe linakuambia hivyohivyo kama unajua pa kuangalia. Ni wangapi hapa wamefungua bei ya kontrakti ya Machi leo? Machi iko juu ya Desemba kwa senti kumi na kitu. Hiyo sio utabiri kwamba bei itapanda, wageni wengi hupotea hapo. Ni malipo ya kumshawishi mwenye mahindi ayaweke ghalani badala ya kuyamwaga sokoni sasa, riba na kodi ya ghala vimo ndani yake. Pengo likiwa pana, soko linasema mali ipo tele, kaa nayo. Likianza kufinyana, kuna mtu ana njaa na hataki kusubiri. Mimi miaka 11 nimekuwa nikifanya hilo pengo tu, nanunua mwezi mmoja nauza mwingine, sijali kama mahindi ni 4 au 7. Marjini yake (dhamana unayoweka kwa broka) ni ndogo na usiku nalala. Hivi sasa pengo bado ni pana, kwa hiyo kwa leo dubu ana ushahidi sokoni na fahali ana hoja. Hoja inaweza kugeuka ushahidi, lakini bado haijageuka.

Halafu kuna kitu hamjakigusa. Hiyo 188.8 ilitoka saa 5 kamili. Bei ikaporomoka ndani ya dakika chache. Kuanzia saa 5 na dakika 10 kila aliyeuza alikuwa anauza namba ambayo dunia nzima imeshaisoma. Jiulize, ripoti mbaya kuliko zote ilitoka, na bei imeshuka senti 13 na robo. Limiti ya siku, yaani mwisho bei inaporuhusiwa kusogea kwa siku moja, ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Mimi niliyeona misukosuko ya 2008 nilitegemea damu zaidi.

Kuhusu kukaa au kukata sitakuambia inategemea. Nakuuliza, tarehe 18 uliponunua ulijiandikia wapi kwamba umekosea? Ukiniambia hukuandika popote, basi tatizo lako halipo kwenye mahindi. Senti 31 kwa akaunti ya 2,400 ni robo ya mtaji kwenye wazo la mtu mwingine ambaye hakujui.

---

Kipima Mvua · 13 Agosti, saa 3:48 asubuhi

Mama Spredi kaongea ukweli bana. Mimi acha niwape yangu ya ngano ndio mjue hata ukiwa sahihi unaweza kulia.

Julai 2023 tarehe 17 Urusi wakajiondoa kwa ule mkataba wa nafaka wa Bahari Nyeusi, ule ulikuwa umesainiwa Istanbul Julai 2022. Mimi nilikuwa nangojea hio habari wiki mbili. Nikasema hii sasa ni 2022 tena, maana Machi 2022 vita ikiwa mbichi ngano ya Chicago ilifungwa juu kwa limiti siku kadhaa mfululizo hadi ikapita dola 13, na mimi wakati huo nilikuwa naangalia tu bila kitu mkononi, roho iliniuma mwaka mzima. Sasa 2023 sikutaka kuachwa tena. Nikanunua siku ya pili yake. Ikapanda! Bandari za Danube zikapigwa, ikapanda tena, ikapita 7.50, mimi nahesabu pesa, nimeshaanza kumuambia bibi tutanunua nini.

Mwisho wa Agosti ngano ilikuwa chini ya dola 6. Vita iko, mkataba umekufa, kila kitu nilichosema kimetokea kama nilivyosema, na bei iko chini kuliko siku niliyoingia. Kwa nini? Urusi ilikuwa na ngano nyingi ya bei ya chini inauza dunia nzima, na huo ndio mstari sikuwa nimesoma. Mimi nilikuwa nasoma habari za meli kuchomeka, soko lilikuwa linasoma bei ya kuuza ya Urusi.

Kwa hivyo fahali wako anaweza kuwa sahihi kuhusu mbelewele. Kweli mashamba mengine yana shida. Lakini shida ya shamba moja kwa ekari milioni 97 ni kama tone kwa mtungi.

---

Soya Daima · 13 Agosti, saa 4:30 asubuhi

Nyie mnalia na mahindi wakati mlango wa pili uko wazi. Ripoti ileile ya jana imekata ekari za soya milioni 2.5 zikabaki 80.9, soya ya Novemba ikapanda zaidi ya senti 20. Mkulima alichofanya ni kuhamisha shamba toka soya kwenda mahindi basi. Mi nasema uza mahindi nunua soya na usahau.

---

DubuMpole · 13 Agosti, saa 4:41 asubuhi

Na China ambao ndio wanunuzi wakubwa wa soya duniani hawajaagiza hata meli moja ya mavuno mapya ya Marekani mpaka sasa. Juzi Rais wa Marekani kaandika mtandaoni anataka China waongeze oda mara nne, bei ikaruka kwa ujumbe mmoja. Unataka kusahau kitu chenye bosi kama huyo?

---

Soya Daima · 13 Agosti, saa 4:44 asubuhi

😂😂 hapo umenipata. Lakini bado naipenda.

---

Mchekechaji · 13 Agosti, saa 12:30 jioni

Wakuu asanteni wote, nimesoma kila neno mara mbili. Mama Spredi umenivua nguo hadharani, kweli sikuandika popote. Stoplosi (bei ya kufunga hasara isizidi) niliweka ya kichwani tu, "ikifika 4.10 nitaona", ikafika nikaona, nikaendelea kuona.

Nimekata. 3.96 kontrakti zote 4, dola 600 zimeondoka. Na nimegeuka, nimeshoti 4 palepale 3.96 kwa sababu hoja ya ekari ya DubuMpole imenikaa, na hii safari nimeweka stoplosi ya kweli 4.12. Lengo 3.60 kama yule dubu mwingine alivyosema.

---

Mama Spredi · 13 Agosti, saa 1:10 usiku

Nilisema uandike ulipokosea, sikusema uhamie nyumba ya jirani usiku huohuo. Kiasi kilekile, hasira zilezile. Haya, angalau stoplosi ipo.

---

Mbelewele · 13 Agosti, saa 1:22 usiku

umeshoti senti 4 juu ya chini ya kontrakti?? baada ya ripoti?? Mchekechaji ndugu yangu ungeniambia kwanza. angalia ripoti ya CFTC (wasimamizi wa masoko haya Marekani) Ijumaa uone mafandi yapo upande gani, yapo na wewe. Ukiona umekaa meza moja na mafandi na chakula kimeshaliwa ujue wewe ndo utaosha vyombo

---

Mbelewele · 23 Agosti, saa 3:00 asubuhi

Narudi kimya kimya. Wale wa Pro Farmer (kampuni ya habari na ushauri wa kilimo Marekani) wamemaliza ziara yao ya mashamba, wameweka 182.7. Sio 188.8. Desemba jana imefunga juu ya 4.10. Nasema tu.

---

DubuMpole · 23 Agosti, saa 3:35 asubuhi

Pro Farmer mara nyingi huwa chini ya USDA, hiyo sio habari. Na 182.7 ukiizidisha na ekari zitakazovunwa (sio zote zilizopandwa) inakupa bilioni 16.2. Bado ni rekodi bwana. Fahali anashangilia rekodi ndogo badala ya rekodi kubwa.

---

Kipima Mvua · 23 Agosti, saa 4:02 asubuhi

Lakini bei inapanda DubuMpole. Wewe unasema rekodi, soko linasema haikuwa mbaya vile tuliogopa. Hapo ndio mimi niliumia na ngano.

---

Mchekechaji · 13 Septemba 2025, saa 2:15 usiku

Nimeahidi kurudi na ukweli hata kama ni wa aibu.

Ile shoti ilitolewa na stoplosi 4.12, wiki ya mwisho ya Agosti. Senti 16 mara 20, dola 320. Ukijumlisha na 600 nimepoteza 920 kwa mahindi ambayo yamekwenda chini kisha yakarudi palepale. Akaunti ina 1,480. Na nimepiga hesabu ambayo nisingepiga, jana Desemba imefunga 4.30. Yaani ningekaa tu na zile 4 za tarehe 18 Julai bila kugusa chochote ningekuwa na faida ya dola 80. Nimekuwa fahali wakati wa madubu na dubu wakati wa mafahali.

Lakini kilichonirudisha hapa ni ripoti ya jana. Mmeiona? Ekari zimeongezeka TENA, milioni 98.7. DubuMpole alisema tarehe 12 Agosti zitaongezeka, zimeongezeka. Mavuno yameshuka mpaka 186.7, Mbelewele alisema yatashuka, yameshuka. Jumla imepanda mpaka bilioni 16.8. Akiba ya mwisho karibu ileile, 2.11. Yaani kwa karatasi dubu kashinda au wametoka sare. Na bei ikapanda!! Kama siku ileile ningepewa hiyo ripoti saa moja kabla haijatoka ningeuza na ningepigwa.

Sasa hapo mnaelezaje?

---

Mama Spredi · 13 Septemba, saa 2:50 usiku

Agosti watu wote walikuwa wametazama mavuno kupanda, na Septemba wote walikuwa wametazama mavuno kushuka. Yalishuka. Ekari zilikuja nyingi lakini mavuno yalianza kurudi nyuma, na mfanyabiashara akiona mavuno yameanza kurudi hujiambia Oktoba yatarudi tena. Tena meli zinapakia kweli, mauzo ya nje wameyaongeza tena jana. Na wale walioshoti Agosti wengi walikuwa na kiti cha moto, kila anayefunga shoti lazima anunue. Wewe mwenyewe stoplosi yako 4.12 ilikuwa ni kununua, ulisaidia kuipandisha kwa kontrakti 4.

Pengo la Desemba na Machi ulilitazama?

---

Mchekechaji · 13 Septemba, saa 2:58 usiku

Nimeanza kulitazama kila jioni. Naliandika kwenye daftari pamoja na bei ya kufunga. Ndo kitu pekee nilichofanya wiki mbili hizi, sina kontrakti hata moja.

---

Mbelewele · 13 Septemba, saa 3:10 usiku

DubuMpole uko wapi kaka, 4.30 hii, njoo utusalimie

---

DubuMpole · 13 Septemba, saa 3:31 usiku

Nipo, sijaenda popote. Nilisema Oktoba atapata bei ya chini zaidi ya 3.94 na kwa mwendo huu sioni ikitokea, hapo nimekosea, andikeni. Ile ya ekari nilipatia na haikunipa hata senti, mi nilishoti 4.02 nikatoka 4.15.

Lakini busheli bilioni 16.8 hazijayeyuka kwa sababu bei imepanda. Kombaini zimeanza kusini, bado Iowa na Illinois. Namba ya mwisho ya mavuno inatoka Januari na ripoti ya Januari ina tabia zake. Kuna watu wataingia Desemba wakiamini mavuno ni 183 na akiba imekwisha. Mimi siku hiyo nitakuwa na shoti ndogo, na stoplosi, na Mbelewele utaniita tena.

---

Mbelewele · 13 Septemba, saa 3:36 usiku

nitakuita ndio. Ila na wewe ukipatia uniite, sio ukae kimya

---

Kazi Iendelee Tu · 13 Septemba, saa 4:05 usiku

Mimi nimefungua demo (akaunti ya majaribio) kwa ajili ya huu uzi. Nimenunua mahindi na nimeuza mahindi kwa wakati mmoja, miezi tofauti kama Mama Spredi. Sijui ninachofanya ila sijapoteza kitu bado 😅

---

Mama Spredi · 13 Septemba, saa 4:11 usiku

Umenunua mwezi gani na umeuza upi?

---

Kazi Iendelee Tu · 13 Septemba, saa 4:13 usiku

Nimenunua Desemba ya mwaka huu na nimeuza Desemba ya mwaka kesho.

---

Mama Spredi · 13 Septemba, saa 4:20 usiku

Hayo ni mavuno mawili tofauti mwanangu, moja liko shambani na lingine mbegu yake haijanunuliwa. Fungua uzi mpya tuongee, hapa tutamchosha Mchekechaji.